Barua 23 za bamdogo kutoka Mirembe, na kwa nini nasema mjibuni mjomba wenu hata kama miaka imepita

Dada mleta mada, uzi wako niliusoma jana usiku kitandani, usingizi ukakata. Nikasema ngoja nikae kwenye kompyuta niandike vizuri maana kwa simu nitachoka katikati.

Kwa wavivu wa kurudi juu: dada anasema wamefungua sanduku la mama yao wakakuta barua za mjomba aliyelazwa hospitali ya magonjwa ya akili tangu wao wakiwa wadogo, hakuna hata moja iliyojibiwa, na karibu zote anazunguka palepale, ajali ya basi iliyomuua mke wake. Anauliza wamjibu saa hizi au waache yalale, na je hawatamtonesha kidonda. Nimeona wengi mmemwambia aache yaliyopita. Mimi sikubaliani, na sisemi kwa kusoma mahali, yamenikuta.

Sisi kwetu ni Muleba, Kagera. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wake aliyemfuata, bamdogo, alikuwa mtu wa ndizi, ananunua mikungu vijijini anaishusha bandari ya Kemondo inapakiwa melini anaenda kuiuza Mwanza. Enzi zile barabara ilikuwa mateso matupu, meli ndo ilikuwa kila kitu, unapanda jioni unaamka Mwanza. Mwezi wa tano 1996 shangazi yetu, dada yao, akamwomba bamdogo ampeleke binti yake wa miaka tisa kwa baba yake aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha samaki Mwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nakumbuka niliona wivu kwamba yeye ndo anapanda meli na mimi nabaki kuchunga mbuzi.

Meli yenyewe ni MV Bukoba. Wakubwa humu mnaijua, kwa mliozaliwa juzi niseme kidogo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili watu waliandikwa majina, daraja la tatu hakukuwa na orodha, watu waliingia tu, na Kemondo wakaongezeka wengine pamoja na ndizi zao. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei, Mwanza ikiwa imeshakaribia, ikalala ubavu halafu ikapinduka tumbo juu. Walikufa watu zaidi ya 800, Rais Mkapa akatangaza maombolezo ya siku tatu, na wengi wamelala pale makaburi ya Igoma, kila mwaka tarehe hiyo watu wanaenda.

Sasa bamdogo. Alimwacha mtoto chini daraja la tatu amelala karibu na akina mama fulani, yeye akapanda juu kupiga stori na wafanyabiashara wenzake. Meli ilipopinduka alirushwa majini, akaogelea, akapanda juu ya lile tumbo la meli lililokuwa linaelea, na pale juu ya chuma ndipo alipoiacha akili yake.

Kwa sababu ndani kulikuwa na watu walio hai wanagonga. Hili la kugonga sio la bamdogo peke yake, waliokuwepo pale na waliokuja kuokoa wamelisimulia miaka yote. Bamdogo alikuwa na kufuli la stoo yake mfukoni, akalitoa na yeye akagonga mara tatu. Akajibiwa mara tatu. Akasogea kidogo akagonga tena, akajibiwa tena. Kichwani kwake akajua huyu ni mtoto. Kwa hiyo ilipoamuliwa kutoboa chuma ili watu watolewe, yeye alikuwa mmoja wa waliopiga kelele toboeni, toboeni, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakatoboa. Kumbe ile hewa iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa imeibeba meli isizame, tundu lilipopatikana hewa ikatoka, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wanagonga.

Alirudi nyumbani hana hata mkwaruzo. Watu walikuja kumshukuru Mungu, wakanywa rubisi, wakaondoka. Miezi ya mwanzo alikuwa kimya tu. Halafu akaanza kuamka usiku anabandika sikio kwenye mageti ya watu. Jirani mmoja alikuwa na duka lenye mlango wa chuma, ulivunjwa mara mbili kwa nyundo, hajaiba hata kiberiti, ukimuuliza anasema kuna watu humo ndani na hewa inawaishia. Mwenye duka alivumilia ya kwanza, ya pili akataka polisi. Tukaenda kwa waganga (tena wa mbali, wa karibu tuliona hawana nguvu, si unajua sisi), tukauza ng'ombe, tukaombewa mpaka wachungaji wakachoka. Mwanzoni mwa 1998 baba akamchukua akampeleka Dodoma kwa barabara, wakazungukia Biharamulo na Kahama, kwa sababu hata kivuko hakutaka kukiona.

Mirembe mnaijua kama tusi, mtu mkibishana anakwambia nenda Mirembe, kama Wakenya wanavyoitaja Mathari na Waganda Butabika na Wazanzibari Kidongo Chekundu. Ila ni hospitali, ipo tangu 1927, watu wanalazwa wanapata nafuu wanarudi makwao, wale wenye kesi za mahakamani wana sehemu yao Isanga. Tatizo kubwa ambalo hata wao wenyewe hospitali wamelisema hadharani mara nyingi ni ndugu. Mtu amepata nafuu, ameruhusiwa, hakuna anayekuja kumchukua, anwani iliyoachwa ni ya uongo. Sisi hatukuacha anwani ya uongo. Tuliacha ya kweli, barua zikaja, hatukujibu, niambieni kipi ni kibaya zaidi.

Na mimi nina sehemu yangu humu, ndo maana sikulala jana. S.L.P. ilikuwa ya shule, na mtoto wa mwalimu ndo anatumwa posta. Mimi ndiye nilikuwa nazileta zile barua. Bahasha za kaki, mwandiko umeinama kushoto, muhuri wa Dodoma. Namkabidhi baba, anaiweka mfuko wa shati, anasema usimwambie shangazi yako. Nilikuwa najua kabisa ni za nani. Sikuuliza hata mara moja, na ukubwani nikajiambia nilikuwa mtoto, lakini ya mwisho imegongwa muhuri 2006, mimi 2006 nilikuwa na miaka ishirini nina ndevu.

2009 baba akafariki. Baada ya matanga tukawa tunapanga vitu vyake, nikazikuta kwenye katoni la chaki, 23, zimepangwa kwa tarehe. Zote zimefunguliwa kwa wembe vizuri bila kuchana, ndivyo alivyokuwa. Yaani nilikuwa nimejiandaa kukuta hazijafunguliwa, ningemkasirikia ikaisha. Alizisoma zote.

Nikakaa chini stoo nikazisoma mfululizo. Mnakumbuka tulivyofundishwa kuandika barua ya kirafiki shuleni? Bamdogo hajaacha hata nukta. "Salamu nyingi sana zikufikie popote ulipo, ama baada ya salamu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Mtu yuko wodini Mirembe anaandika mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kwa muda.

Baada ya hapo anaomba vitu vidogo, sabuni, kandambili namba nane, picha ya kibanja (shamba letu la ndizi) kama kuna mtu ana kamera. Anauliza senene wameanguka mwaka huu au wamekataa. Anasimulia chakula, anamsifia nesi mmoja anayempa stempu. Nyingine zimevurugika, mistari inapandana, anasema wanagonga ukutani na anawahesabu, kuna moja kurasa mbili nzima ni tatu tatu tatu tu. Lakini kila moja, hata iliyovurugika, mwishoni kabla ya wasalaam kuna swali lilelile: "Naomba mnijulishe yule mtoto alipatikana? Na kama alipatikana ni siku gani na saa ngapi, na wapi."

Na baba, mwalimu yule, amelipigia mstari mwekundu hilo swali kwenye kila barua. Zote 23.

Hapa ndipo nataka unisikilize dada. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema bamdogo anaongea maneno ya ugonjwa, anarudia rudia, ndo ugonjwa wenyewe huo. Kumbe alikuwa anauliza kitu chenye jibu. Tena anauliza kwa akili kabisa, siku gani, saa ngapi, wapi, kwa sababu kama mtoto aliokotwa majini kabla chuma hakijatobolewa basi sio yeye aliyekuwa anagonga. Hakutaka pole yetu, alitaka saa. Na baba alikuwa nayo, maana yeye ndiye alikwenda Mwanza kutambua mwili.

Chini kabisa ya katoni kulikuwa na karatasi ya daftari la mistari, mwandiko wa baba. "Mdogo wangu, salamu. Kuhusu lile swali lako ambalo umekuwa ukiniuliza," halafu basi. Imeishia kwenye mkato. Haina tarehe.

Kwa nini hakumaliza? Nimewaza sana. Nadhani mwanzo alikuwa na hasira, mtoto alikabidhiwa mtu akaenda kupiga stori, na shangazi alikuwa ameapa jina la bamdogo lisitajwe mbele yake. Halafu kuna ile imani yetu kwamba mgonjwa wa akili usimkumbushe. Halafu nadhani, na hili sina namna ya kulithibitisha, ukishachelewa kujibu barua miaka miwili, kujibu ya tatu inabidi ueleze kwanza kwa nini hukujibu ile ya kwanza, na hapo mkono unakuwa mzito kila mwaka unavyoongezeka.

Nikaandika mimi, mwanzoni mwa 2010. Sasa nikwambie nilivyoharibu ili usirudie. Barua ya kwanza niliandika kurasa nne, pole nyingi, Mungu yupo, baba ametangulia, sisi wote tunakupenda, na kwa kihoro kile nikaandika tutakuja kukuona Krismasi. Swali lake sikuligusa, niliogopa. Majibu yakaja baada ya wiki tatu kama nne hivi, mstari mmoja: "Nimepokea barua yako, umeandika vizuri lakini hujajibu."

Na Krismasi sikwenda. Kazi, nauli, mtoto aliumwa, sababu zilikuwepo za kweli kabisa. Baadaye nesi aliniambia bamdogo alioga tarehe 23, akavaa shati lenye kola, akakaa na mfuko wake wa rambo mahali anapoona geti, siku tatu. Hakufanya fujo, ya tarehe 26 akarudi kitandani akageukia ukutani na wiki ile dawa hakumeza. Hili nalisema kwa aibu. Kama huna uhakika wa kwenda usiandike utakwenda, ni afadhali uulize tu kama wanahitaji sabuni.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kuanza nacho, nikapiga simu hospitali nikaomba kuongea na mtu wa ustawi wa jamii. Yule mama aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Akanieleza kwamba bamdogo ana mambo mawili, kuna vipindi anachanganyikiwa anasikia vitu na kwa hilo anatumia dawa, na kuna kile kiwewe cha ajali ambacho dawa inapunguza makali tu. Nikamwambia familia inaogopa kumkumbusha. Akasema, kijana, unamkumbusha nini ambacho amekisahau? Ila akanionya, habari ya namna ile isitumwe kwa posta akaifungua peke yake usiku, njoo mwenyewe, tuwepo, daktari ajue, na usimwambie usichokijua ili kumfurahisha, atakuja kukushika uongo siku moja na hapo umemmaliza. Hilo la mwisho liweke vizuri kichwani dada.

Basi ikabidi nikajue. Baba ameshakufa, aliyebaki ni shangazi.

Nilikwenda kwake na katoni lote. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia soma. Nikasoma tangu saa nane mpaka giza linaingia, yeye anamenya ndizi, zikamwishia akawa anazishika tu. Nilipofika ile ya tatu tatu tatu akasema inatosha. Kimya kirefu. Halafu akaingia ndani akatoka na kanga.

Nusu ya kanga kwa kweli, nyekundu ya maua ya korosho, imechakaa, imekunjwa. Akanieleza mambo ambayo mimi na umri wangu wote sikuwahi kuyasikia. Mtoto aliokotwa na wavuvi ile ile asubuhi, mapema, kabla meli haijatobolewa, baba aliambiwa na mvuvi mwenyewe na akamsimulia shangazi usiku wa msiba. Alikuwa anaelea kwa sababu alikuwa amevalishwa jaketi la kuokolea, la mtu mzima, kubwa kwake, na ili lisimvuke kichwani mtu alikuwa amemfunga na hiyo kanga kulizungukia jaketi, fundo mbili, mgongoni. Alikuwa na jeraha kichwani, inaonekana aligongwa na kitu meli ilipopinduka. Kanga haikuwa yetu. Mtoto hakuondoka na kanga yoyote nyumbani. Shangazi amekaa nayo miaka yote hiyo, anaifua, anaianika ndani sio nje, hajui mwenyewe ni nani wala kama alipona.

Nikamuuliza kwa nini hamkumwambia bamdogo. Akasema, nilitaka asijue. Hivohivo, bila kuzunguka. Nilitaka na yeye asilale. Halafu akasema nenda kamwambie sasa, na kanga ubebe umwonyeshe ila uirudishe.

Nilifika Dodoma Februari 2011. Sikuwa nimemwona miaka kumi na tatu, nilimkumbuka mtu mrefu anayebeba mikungu miwili kwa mpigo, nikakuta mzee mwembamba kichwa cheupe, ana miaka 49 tu. Akanisalimia kwa jina la baba. Nesi yupo, yule mama wa ustawi yupo, daktari alipita akaondoka akasema yuko karibu. Nikamwambia bamdogo, nimekuja kujibu. Nikamwambia siku, asubuhi, kabla ya kutoboa, majini, wavuvi, jaketi, kanga. Nilikuwa nimekariri ili nisiongeze chumvi.

Hakulia. Akaichukua kanga akaigeuza geuza akauliza, fundo lilikuwa mbele au nyuma?

Nikasema nyuma, mgongoni.

Akakaa. Akasema, basi kuna mtu alimfunga. Mtoto hawezi kujifunga mgongoni. Halafu akarudia mara kadhaa, hakuwa peke yake, hakuwa peke yake, mpaka nesi akamletea maji. Akauliza kama nimekula.

Msije mkadhani alipona pale pale kama kwenye sinema. Wanaogonga hawajaondoka. Alinieleza mwenyewe siku ya pili, tumekaa nje chini ya mti, kwamba wale waliokuwa wanagonga ni watu vilevile hata kama sio mtoto wetu, na yeye ndiye aliyesema toboeni, na hilo hakuna barua ya kulijibu. Nikakosa la kusema nikanyamaza, nafikiri ilikuwa sawa kunyamaza. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kulala ameketi. Nesi ndiye aliyenipa taarifa hiyo, miezi miwili baadaye kwenye simu, anasema mzee wako siku hizi analala amenyooka kama watu.

Ilichukua mpaka 2013 kumrudisha nyumbani na hiyo nayo ni hadithi yake, kuna watu kwenye ukoo walisema akirudi wao wanahama (hakuna aliyehama). Dawa anachukua hospitali ya wilaya, zikikosekana tunanunua, amerudi nyuma mara mbili tangu hapo, mara moja vibaya. Chumba chake mlango ni wa mbao, tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Shangazi alikuwa anampelekea chakula kwa mtoto wa jirani mwaka mzima kabla hajaanza kukipeleka mwenyewe.

Na 2018, Septemba, ile MV Nyerere ilipopinduka kule Ukara wakafa watu zaidi ya 220, sisi wote tulikimbilia kuzima redio. Tulichelewa, alishasikia. Tukaweka mtu wa kulala naye. Siku mbili baada ya ajali ikatangazwa wazamiaji wamemkuta fundi wa meli yuko hai ndani kwenye chumba chenye hewa, wamemtoa. Akanipigia simu mwenyewe, na huwa hapigi. Akasema, umesikia? Safari hii wameingia. Nikasema nimesikia bamdogo. Akasema, kwa hiyo walikuwa wanagonga kweli, mimi sikuwa kichaa pale juu. Nikamwambia hukuwa. Akakata simu bila kuaga, ndo kawaida yake.

Sasa nirudi kwako dada. Chukua hizo barua uzisome zote kwa mpigo, usisome moja moja kwa siku tofauti, na utafute kile anachokirudia. Umesema anazunguka kwenye ajali, lakini anazunguka wapi hasa? Umenukuu sehemu moja anasema "nani alikaa naye mpaka mwisho". Wewe umeliona kama maombolezo, mimi naliona ni swali, na kwa hapo ulipoandika kwamba mama yako ndiye aliyekwenda hospitali siku ya ajali, basi mama yako ana jibu na ndo maana barua ziko kwenye sanduku lake. Anza na yeye. Taratibu lakini. Usimwendee kama polisi, mpelekee barua, umsomee, halafu unyamaze.

Waliosema humu eti kumjibu ni kumtonesha, naelewa mnatoka wapi, ila kidonda kimekaa wazi miaka yote hiyo sijui mnadhani kinatoneshwa na nini.

Umeuliza pia mtajuaje kama bado yuko hai. Angalia bahasha na juu ya karatasi, mara nyingi kuna namba ya faili au ya wodi, ya bamdogo ilikuwa pale kona ya kulia kwenye zote na mimi sikuijua maana yake. Piga hospitali husika, omba ustawi wa jamii, taja majina yake kamili, mwaka aliolazwa na hiyo namba. Ukikuta ameruhusiwa akahamishwa kwingine watakuelekeza. Ukikuta ameshafariki uliza amezikwa wapi, na mama yako aambiwe na mtu aliyekaa naye, asiambiwe kwa simu. Kama namba haisomeki piga picha vizuri nitumie inboksi nikusaidie kuitazama, ila funika jina lake.

Najua mtauliza kama ile karatasi ya baba nilimpa bamdogo. Nilimpa, safari ya pili. Aliisoma pale pale, akahesabu maneno kwa kidole, akasema maneno kumi kwa miaka minane, kaka alikuwa mchoyo. Halafu akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Iko naye mpaka leo, kila shati likifuliwa anaitoa anaihamisha.